Sikio la Sista Mkuu

Uchungu ulimshika Mpiga Pasi akiwa amemaliza kola ya shati jeupe na kuanza mkono wa kushoto. Alisimamisha pasi, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kufungua kinywa. Kinywani hakikutoka kitu. Sauti ilitokea uani, kwenye mpira wa maji wa kusuuzia mashuka. Ulikuwa mguno mrefu, mzito, wa mwanamke aliyebanwa kiuno. Bosi wake alikuwa anapanga nguo za wateja rafuni, na hakugeuka.

"Naona umeshikwa," alisema.

"Nimeshikwa, bosi," alisema Mpiga Pasi, wimbi lilipopita.

"Basi malizia hilo shati. Mwenyewe yuko njiani."

Alilimalizia. Wimbi jingine lilimkuta kwenye mkono wa kulia, mpira wa uani ukaguna tena, naye akasubiri likapita, akaunyoosha mkono ule hadi kifungo cha mwisho. Kisha akachomoa pasi, akavua aproni, akaitundika mahali pake na kwenda nyumbani kumtafuta wifi yake.

Alikuwa hivyo tangu utotoni. Kuongea aliongea vizuri, kucheka alicheka, hata kuimba aliimba akiwa peke yake. Ila akiumia, kinywa kilifunguka kama cha mtu yeyote na sauti ikatokea kwenye maji yaliyo karibu, kama bomba, ndoo, au pipa la jirani. Siku alipokanyaga chupa akiwa mtoto, pipa la jirani lililia mpaka jirani akaja kulalamika. Mama yake alimwomba radhi jirani, akarudi ndani kumfunga kidonda. Kwao lilikuwa jambo la maumbile, kama mtu kutumia mkono wa kushoto. Alipoposwa, mama mkwe alielezwa mapema ili asije akasema amefichwa, naye akasema amekwisha kuona wake wa wana wenye kasoro kubwa zaidi, na kwamba angalau huyu hatawaamsha watu.

Hii ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza aliibeba salama hadi mwisho, akaenda nayo kwenye wodi ya wazazi ya hospitali kubwa, akalazwa, akaambiwa bado. Aliambiwa bado asubuhi, akaambiwa bado mchana, na aliposikia bado ya mwisho mtoto alikuwa amekwisha kutoka. Alikuwa msichana. Hakulia, walisema. Wakamfunga kwenye shuka na kuondoka naye kabla mama yake hajamwona uso. Mpiga Pasi alirudi nyumbani matiti yamejaa, akayakamulia kwenye beseni, na beseni lile lililia kwa siku nyingi mpaka mama mkwe akalipeleka nje, chini ya dirisha, akakaa nalo yeye mwenyewe.

Safari hii Mpiga Pasi alitaka kitu kimoja tu. Alitaka awepo mtu, mwenye mikono na macho, pale mtoto atakapotoka. Hakuomba kitanda kizuri wala maneno matamu, aliomba mtu.

"Nitakuwepo mimi," alisema wifi yake, huku akivaa viatu. "Na kama tatizo lao ni kelele, basi wamekutana na mwenye nazo."

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mnadi kwenye soko la vitu vilivyotumika. Akinadi kabati, watu wa mtaa wa pili walijua lina droo ngapi na ipi imekwama. Mume mwenyewe, fundi wa vioo, aliachwa getini pamoja na wanaume wengine, kwa kuwa hospitali ile haikuruhusu wanaume kupita geti. Haikuruhusu ndugu wa kike pia, lakini mlinzi alikuwa amelalia kitanda alichokinunua kwa wifi, tena kwa bei ya kirafiki, hivyo alitazama pembeni.

Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda pande mbili na njia katikati. Kila kitanda kilikuwa na wanawake wawili, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Mwisho wa njia kulikuwa na milango miwili. Wa kulia ulikuwa wa chumba cha kuzalia. Wa kushoto ulikuwa wa chumba cha chai, na huo haukufungwa kamwe, kwa sababu humo ndimo Sista Mkuu alimofanyia kazi.

Sista Mkuu alikuwa na sikio. Hapo zamani alikuwa na mikono pia, tena mizuri, lakini alipopanda cheo aliipumzisha. Alikaa kwenye kiti chenye mto, kikombe mkononi, akasikiliza wodi. Huyu bado, alisema. Yule anayeng'ata shuka amefika nusu. Huyo anayemwita marehemu mama yake, mleteni. Manesi wakaenda wakamleta, na kweli, mara nyingi alikuwa tayari. Hilo lazima lisemwe, maana sikio lake halikuwa la uongo. Lilikuwa sikio zuri sana kwa wanawake wa aina moja. Madaktari walileta wageni wamwone akifanya kazi. Wanafunzi wa ukunga walikaa sakafuni na kufumba macho ili wajifunze kusikiliza kama yeye. Hakuna aliyewafundisha kuinua shuka na kutazama, kwa kuwa kutazama, pale wodini, kulihesabiwa kuwa kazi ya mtu asiyejua kusikiliza.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu anapopandwa na hasira. Uchungu si sare ya shule kwamba wote washonewe mshono mmoja. Siku ile peke yake, asubuhi, kulikuwa na msichana kwenye kitanda cha dirishani ambaye uchungu ulimchekesha. Kila wimbi lilipopanda alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anaomba msamaha na kuendelea kucheka. Nesi alikuja kumwambia aache mchezo, hapa ni hospitali, na mtoto akatoka nesi akiwa katikati ya sentensi. Upande wa pili kulikuwa na mama wa watoto wengi aliyelala usingizi mzito, akakoroma, akaamka mara moja na kusema, "Nishikieni huyu," kisha akageukia ukutani kumalizia usingizi wake. Wote wawili walisemwa vibaya na Sista Mkuu kwa kuzaa bila utaratibu.

Halafu kulikuwa na Mwalimu. Mwalimu alikuwa na uchungu tangu siku iliyotangulia, na wimbi likija alipiga kelele za kuzidisha. Alianza mbili mara moja, akapanda nalo, na lilipofika kileleni alikuwa kwenye jedwali la saba, mahali ambapo hata wazima hukwama. Njia yake ilikuwa haijafunguka hata kidogo. Lakini sauti yake ilikuwa ile ile anayoipenda Sista Mkuu, kwa hiyo walimpeleka chumba cha kuzalia, wakamrudisha, wakampeleka tena, wakamrudisha tena, na kila aliporudi alizidi kuchoka na wao walizidi kumlaumu.

Mpiga Pasi aliwekwa kwenye kitanda kimoja na Mwalimu. Nesi wa zamu alisimama miguuni pake akamtazama usoni, basi, usoni tu.

"Uchungu umeanza lini?"

"Asubuhi, kazini."

"Mbona umetulia hivyo?"

"Ndivyo nilivyo, sista. Naumwa sana."

"Mama," alisema nesi, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni, "anayeumwa sana hasemi naumwa sana. Wewe bado."

"Si umwangalie basi?" alisema wifi. "Inua shuka hilo uone. Macho si unayo?"

"Na wewe ni nani? Ndugu hawaruhusiwi humu."

"Mimi ni shemeji wa kitanda," alisema wifi, na nesi, aliyekuwa na haraka, akaondoka bila kulielewa jibu hilo.

Wimbi lililofuata lilitokea kwenye bomba la chumba cha chai. Sista Mkuu alikuwa anasuuza kikombe. Bomba lilikoroma, likatema maji, kisha likatoa sauti ya mwanamke aliyejikunja, sauti iliyoanza chini na kupanda polepole mpaka vijiko vikatikisika kwenye sahani.

"Limeanza tena," alisema Sista Mkuu. "Kama mwaka juzi. Mwiteni fundi."

Wakati fundi anatafutwa, nesi mmoja alichana kitambaa akalitia bomba mdomoni. Sauti ikahamia kwenye birika. Birika lilikaa juu ya jiko likisema ee mama, ee mama, mgongo wangu, na nesi akalifunika kwa taulo, akakaa mbali nalo kidogo. Kule wodini Mpiga Pasi alikuwa amelala ubavu, ameshika chuma cha kitanda, kinywa wazi, jasho linamtiririka shingoni. Chupa yake ya uzazi ilikuwa imepasuka. Godoro lilikuwa limelowa, na Mwalimu, aliyelazwa kwenye maji yale, alisema kwa sauti kwamba mwenzake amelowa. Nesi alisema kutoka mbali kwamba godoro litabadilishwa kesho.

Fundi wa mabomba alifika na mfuko wake. Aligonga bomba kwa spana huku na huku, akaweka sikio ukutani.

"Bomba ni zima, sista," alisema. "Hii si hewa. Ni mwanamke."

"Najua ni mwanamke. Nataka anyamaze."

Kitambaa kilitolewa ili fundi afanye kazi yake, na sauti ikatoka sasa kwa kishindo, fupi fupi, nzito, yenye kusukuma. Sista Mkuu aliinamisha kichwa akaisikiliza kwa makini. Hakuweza kujizuia. Alikuwa mtaalamu.

"Hili limefika," alisema. "Lingekuwa mtu, ningesema mleteni sasa hivi."

Manesi walitikisa vichwa kukubali, kwa heshima. Hakuna hata mmoja wao aliyetoka kwenda kutazama kitanda kwa kitanda, ingawa wodi ilikuwa hatua chache kutoka pale na milango ilikuwa wazi na kila mmoja wao alikuwa na miguu miwili mizima. Mtu angependa kuandika kwamba mmoja alisita, lakini hakusita mtu.

"Nikitaka linyamaze lazima nifunge koki kuu," alisema fundi. "Jengo zima litakosa maji."

"Funga. Waliokuwa wa kuzaa wamezaa, waliobaki bado."

Fundi akabeba mfuko wake. Kazi yake ilikuwa mabomba, na bomba lilipofungwa, kazi yake iliisha. Akashuka chini, akazungusha gurudumu la koki, na maji yakakatika vyooni, kwenye sinki na jikoni.

Wifi alikuwa ameyasikia yote kupitia mlango ulio wazi. Alimwinamia Mpiga Pasi.

"Wifi, kaza moyo. Sasa nawaletea mzigo wanaoutaka."

Akakwea kitanda cha dirishani, kilichoachwa na msichana wa kucheka, akalala chali, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, akapiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa sokoni, wa bidhaa ya mwisho, wa mtu asiyerudi na mali nyumbani. Dirisha lilitetemeka. Sista Mkuu aliruka kwenye kiti chake.

"Huyo! Mara moja!"

Manesi wawili walikuja mbio na kitanda cha magurudumu. Mpango wa wifi ulikuwa kwamba wakifika atawaonyesha kwa kidole. Aliwaonyesha.

"Si mimi! Ni yule pale! Mtoto anatoka yule!"

"Ndiyo, mama, ndiyo," walisema, wakimpandisha. "Wote husema hivyo."

Kadiri alivyokataa ndivyo alivyopiga kelele, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyomkimbiza. Katika chumba cha kuzalia walimlaza, wakavaa glavu, wakamwinua magoti. "Sukuma," walisema. "Nisukume nini, nyie watu?" alisema wifi. Nesi mmoja, aliyeweka mkono tumboni pake, alisema kwa kusitasita kwamba haoni mimba. Swali likapelekwa chumba cha chai. Jibu likarudi kwamba Sista Mkuu anaisikia vizuri, aendelee. Wakaendelea. Ilikuwa mpaka walipomfungua mkanda wa sketi, ikadondoka kengele ya mnada, ndipo walipokubali kwamba huyu hakuwa na mimba wala dalili yake.

Walikasirika sana. Walimsomea somo refu kuhusu watu wanaopoteza muda wa hospitali wakati kuna wagonjwa wanaohitaji msaada. Kisha wakamkabidhi kwa mlinzi amtoe nje, na kwa kuwa alipiga kelele njia nzima, Sista Mkuu aliwatuma tena wamchukue, na walikuwa wamekwisha kumpandisha kitandani mara ya pili kabla hawajagundua ni yule yule.

Wakati huo wote Mpiga Pasi alikuwa anazaa. Maji yalikuwa yamekatika na uchungu wake haukuwa na pa kutokea. Ulijaribu glasi ya maji ya kunywa ya Mwalimu, iliyokuwa juu ya kijimeza. Glasi ilitetemeka, ikasema neno moja dogo, ikapasuka. Mwalimu aliinua kichwa kutoka miguuni.

"Dada, wewe unazaa," alisema.

"Ndiyo," alisema Mpiga Pasi.

Mwalimu alikuwa na yake ya kutosha. Hata hivyo aligeuka, akapiga magoti juu ya godoro lile lililolowa, akanyoosha mikono. Wimbi lake mwenyewe lilimkuta pale pale, akaanza mbili mara moja kwa sauti kuu, na alipofika saba mara nane kichwa kilikuwa kwenye viganja vyake, na alipofika saba mara tisa alikuwa ameshika mtoto mzima, wa kiume, mwenye joto, anayeteleza.

"Nesi!" aliita. "Nesi, njoo huku!"

Na kwa kuwa sauti ilikuwa ya Mwalimu, nesi alikuja.

Mtoto alikuwa mwekundu. Uso wake ulikuwa umekunjamana, ngumi zimekaza, kinywa kimefunguka mpaka ufizi wote unaonekana na ulimi unatetemeka ndani yake. Kifua kilipanda na kushuka. Kwa mtu yeyote mwenye macho, huyo alikuwa mtoto anayelia kwa nguvu zake zote. Sauti tu ndiyo haikuwepo.

"Amelia?" aliuliza nesi.

"Bado hajalia, lakini tazama—" alisema Mwalimu.

"Hakulia," alisema nesi. Alikata kitovu, akachukua shuka.

"Anapumua," alisema Mpiga Pasi. Hilo alilisema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa halikuwa maumivu, lilikuwa taarifa.

"Mama, usijitese. Hao hupapatika kidogo, kisha basi. Mungu atakupa mwingine."

Nesi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa, hilo tu, na ubaya wa kufundishwa vile ni kwamba mtu anaweza kumfunika usoni mtoto aliye hai huku akimpa mama yake pole. Alivuta shuka. Mpiga Pasi alilivuta upande wake. Mikono yake ilikuwa imeshika pasi tangu ujana, na haikuachia. Walivutana hivyo kimyakimya juu ya kitanda, nesi akisema jamani mama, jamani mama, na chini ya shuka mtoto akiendelea kulia bila kusikika.

Katika chumba cha chai Sista Mkuu alitaka kikombe kingine. Mambo ya wifi yalikuwa yamemchosha. Aliinua birika, akalikuta jepesi, akamtuma mtu kwa fundi amwambie afungue koki kidogo, maji ya birika moja, kisha afunge.

Fundi alifungua. Maji yalipanda kwenye mabomba na mtoto akapanda nayo. Alilia kwenye sinki la chumba cha chai na kwenye sinki za chumba cha kuzalia. Alilia jikoni, ambako mpishi alisogeza sufuria pembeni. Alilia kwenye choo cha mganga mkuu ghorofani, mganga mkuu akiwa ndani, naye akagonga mlango kutoka upande wa ndani akitaka kujua kama kuna mtu. Alilia kwenye mpira wa kumwagilia maua bustanini, na wanaume waliosimama getini walitazamana, kila mmoja akidhani ni wake.

Sista Mkuu aliliacha birika lijae huku ameinamisha kichwa.

"Mvulana," alisema. "Mzima. Mapafu safi kabisa. Yuko wapi? Mbona hajaletwa kupimwa?"

Nesi wa zamu alitokea mlangoni, shuka mkononi.

"Kumbe amelia, sista?"

"Huna masikio?"

Basi nesi akarudi, akamfunua mtoto, akampa mama yake, akasema hongera. Hakuna aliyeomba radhi. Mtoto yule aliokolewa na hamu ya chai. Kama Sista Mkuu angekuwa ameshiba, mtoto asingekuwapo leo, na watu wote wa wodi ile wangelala usingizi wao vizuri tu.

Alasiri kitanda kilihitajika kwa wengine. Mwalimu alikuwa amepata binti, na safari hii hawakumpeleka popote. Alikuwa amechoka kupiga kelele, akazaa kwa minong'ono, peke yake, akiwa amesimama ameshika ukuta. Mpiga Pasi alihamishiwa kwenye benchi ndani ya chumba cha chai, karibu na mlango, asubiri kuruhusiwa. Wifi alikuwa getini anamnadi mtoto kwa baba yake na kwa yeyote mwenye nafasi ya kusikiliza. Mtoto alinyonya. Kwa kuwa alinyonya, bomba lilikuwa kimya.

Wanafunzi wa ukunga walikuja kwa somo lao la jioni, wakakaa sakafuni. Mmoja aliuliza kuhusu bomba, maana habari zake zilikuwa zimeenea jengo zima. Sista Mkuu alicheka. Alikuwa katika hali nzuri. Mganga mkuu alikuwa ameshuka mwenyewe kumpongeza kwa kumtambua mtoto mzima kwa sauti tu, tena kupitia ukutani.

"Hili bomba lina visa," alisema. "Leo ni afadhali. Mwaka juzi ndipo lilipotutesa. Lilianza hivi hivi, sauti ya mwanamke, tukafunga koki. Baadaye tukafungua tuoshe vyombo, likatoa kichanga. Wa kike. Nawaambieni, mapafu ya yule yalikuwa mazuri kuliko ya huyu wa leo. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile. Lakini watu wanataka kupumzika, nikamwambia fundi afunge moja kwa moja. Basi yale maji yaliyobaki ndani ya mabomba yakaendelea kulia. Taratibu, taratibu, usiku kucha. Kulipokucha likanyamaza lenyewe."

Wanafunzi walicheka kidogo, kwa adabu.

"Na mtoto mwenyewe alikuwa nani, sista?" aliuliza mmoja.

"Mtoto gani? Siku ile hakuna mtoto aliyelia. Alizaliwa mmoja tu, naye hakulia. Tulimpeleka kule wanakopelekwa." Alisimama, akakunja mikono ya gauni lake. "Haya, tuendelee. Fumbeni macho."

Wanafunzi wakafumba macho. Sista Mkuu akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akachukua sabuni.

Mpiga Pasi alikuwa ameacha kumtazama mtoto. Alimtazama Sista Mkuu mgongoni, kwenye fundo la mkanda wake mweupe, uliopigwa pasi vizuri. Mikono yake ilimbana mtoto mpaka mtoto akaachia titi. Akafungua kinywa. Pale kwenye benchi hakikusikika kitu.

Sauti ilitoka bombani pamoja na maji, ikapita katikati ya vidole vya Sista Mkuu.

"Mlikuwa mmemweka wapi?" ilisema. "Usiku kucha analia, mlikuwa mmemweka wapi?"

Sista Mkuu aliinamisha kichwa akaisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu amekwisha kuzaa," aliwaambia wanafunzi.

Akasuuza povu, akafunga bomba, akalikaza vizuri. Kisha akafuta mikono, akatoka kwenda kuisikiliza wodi.